Jeneza la Jimbo la Reli

Mtaani Mgunga Mmoja, mashariki ya mji wa Dodoma, hakuna aliyemwita Matonya kwa jina lake. Aliitwa Jimbo. Hata mkewe Anna, siku ambazo hakuwa na kinyongo naye, alimwita hivyo hivyo: "Jimbo, njoo ule, ugali unapoa." Naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa nalo, akalivaa kila siku kama koti la harusi, bila kujali kwamba linambana kwapani.

Alilipata mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka ambao Jimbo la Reli nalo lilizaliwa. Liliitwa jimbo la mjini, lakini mji wenyewe wakati ule ulikuwa kiganja tu, kwa hiyo walioligawa waliongeza na pori ili wapiga kura watoshe. Lilianzia nyuma ya stesheni, likachukua mitaa ya Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakachoka njiani wakabaki, likavuka reli, likaenda mashariki kwenye mashamba ya uwele na zabibu hadi vichakani, ambako fisi alipita mchana na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Mgombea wa mwaka huo hakuwa na gari la kufika huko. Matonya alikuwa na baiskeli, spika ya mkono na koo lisilokauka. Alijua mtaa upi una mzee wa kusalimiwa kwanza, nyumba ipi ina msiba, kilabu kipi cha pombe hakitaki kusikia siasa kabla kibuyu cha kwanza hakijaisha. Mgombea akashinda, na siku ya kushukuru akasema jukwaani kwamba jimbo hili halina mbunge, lina Matonya. Watu wakacheka na jina likaganda.

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Matonya alikivaa miaka thelathini. Ningependa kusema alidanganywa, lakini mtu anayedanganywa na watu watatu mfululizo, kwa neno lile lile, ana mkono wake katika jambo hilo.

Neno lenyewe lilikuwa kisima. Mgunga Mmoja hapakuwa na maji. Wanawake waliteremka korongoni, wakafukua mchanga, wakakaa kungoja maji yajikusanye, na yakishajikusanya yana chumvi ya kuchachua ulimi. Waliojiweza walinunua madumu kwenye mikokoteni. Mbunge wa kwanza aliahidi kisima, akafa nacho. Wa pili aliahidi kisima, akaangushwa. Wa tatu, Mheshimiwa Jordan, mtu mnene mwenye kicheko cha kuambukiza, aliahidi kisima mara mbili, maana alishinda mara mbili. Na kila mkutano alisimama Paskazia, jirani yake Matonya, mwanamke mwenye ulimi wa kunyoa bila maji, akauliza: "Kisima kiko wapi?" Na kila mara, kabla mgombea hajafungua mdomo, Matonya alinyanyuka akajipiga kifuani.

"Dhamana ni mimi," alisema. "Kisipokuja, mnidai mimi."

Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Alisema kwa kuwa ilimpendeza kuona watu wanakaa kimya wakimwamini. Alichokuwa nacho duniani kilikuwa neno lake hilo, na siku zilivyozidi kwenda ndivyo lilivyozidi kuwa deni.

Alikuwa na mtu mmoja tu asiyemwamini hata kidogo, naye ndiye aliyempenda kuliko wote. Huyu ni Abdulrazaki, muuza nafaka wa sokoni, mdogo wake kwa miaka michache. Babu yake Abdulrazaki alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara, na Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi hizo za mizigo kichwani. Kwa zaidi ya miaka arobaini wawili hawa hawakuwahi kusalimiana kama binadamu wengine. Matonya akitokea kwenye genge la magunia, Abdulrazaki alisema, "Mgogo we, njaa haijakumaliza tu? Au ng'ombe mnaolala nao wanakupunguzia baridi?" Naye Matonya alijibu, "Babu yako alitua mzigo hapa apumzike kidogo, mpaka leo hamjaunyanyua. Rudisha mzigo wa watu." Kisha walikaa kwenye gunia moja la mtama wakanywa chai. Mteja mgeni aliyewasikia alidhani watapigana. Siku mama yake Matonya alipofariki, Abdulrazaki alishuka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo mweupe, na Matonya, machozi yakimtiririka, akajikuta anacheka mbele ya kaburi la mama yake. Jogoo alitolewa siku ile ile.

Ndiyo haki ya mtani. Anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akichechemea, anaweza kuwacheka wafiwa wakilia, anaweza kuizuia maiti isizikwe mpaka ikombolewe kwa kitu anachokitaja mwenyewe. Kitu hicho hutolewa. Na chochote atakachosema mtani, hakuna wa kumkasirikia. Mambo haya mawili Matonya aliyanyonya kwenye ziwa la mama yake, na ndiyo yaliyommaliza.

Serikali ilipohamia Dodoma, mji ulifura. Wizara zikajengwa kule Mtumba, barabara zikapanuliwa, na viwanja vikapimwa hadi pembeni ya makaburi ya watu. Jimbo la Reli, lililokuwa na pori ndani yake, likajikuta lina ghorofa. Kila siku walihamia watu wasiomjua Matonya wala hawakuwa na haja ya kumjua, watu wanaofunga geti na kupata habari za mgombea kwenye simu. Spika yake ya mkono ilibaki imening'inia ukutani, Anna akaanza kuweka vitunguu ndani ya mdomo wake mpana. Kisha ikatangazwa kwamba jimbo limekuwa kubwa mno na kwamba linafutwa. Upande wa stesheni utakuwa Jimbo la Kati. Upande wa mashariki, pamoja na Mgunga Mmoja, utakuwa Jimbo la Mashariki. Jimbo la Reli halitakuwepo tena.

Matonya alisikiliza tangazo hilo redioni mara mbili, asubuhi na mchana. Hakula siku hiyo. Anna alimwambia, "Ni jina tu limefutwa, si wewe," lakini alilisema akiwa anapepeta mtama na hakugeuka kumtazama.

Wiki chache baadaye alikuja Priska, meneja wa kampeni wa Mheshimiwa Jordan, binti wa mjini mwenye simu mbili na tabasamu lisilochoka. Alikataa kiti, akasema ana haraka. Mheshimiwa ameandaa hafla ya kuliaga Jimbo la Reli kabla ya kampeni mpya.

"Shikamoo, mzee wetu. Wewe ndiye utakuwa mtu muhimu kuliko wote siku hiyo," alisema. "Vaa vizuri. Watu wote watakuangalia wewe."

Hakusema uongo, huyo binti, na ndiyo maana namchukia mpaka leo.

Matonya alitangaza mtaa mzima. Alisema anakwenda kupewa heshima yake, na kwamba safari hii hatarudi mikono mitupu, atarudi na siku ya kuchimbwa kisima. Anna alimpigia pasi koti lake jeusi, akamkata ndevu, akamwambia asikae karibu na watoto wa shule wakamchafua. Paskazia, aliyekuwa akipita na dumu kichwani, alisimama akamtazama kuanzia kiatu mpaka kola. "Umependeza, Jimbo," alisema. "Sasa usije ukarudi na koti peke yake."

Hafla ilikuwa kwenye uwanja wa shule. Mahema yalipangwa, muziki ulikuwa juu, na nyuma ya madarasa pilau lilikuwa linanukia kwenye masufuria makubwa. Katikati ya uwanja, juu ya stuli mbili, palikuwa na jeneza. Lilikuwa la plaiwudi, limepakwa rangi ya zambarau iliyokuwa bado inanata, na ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe: JIMBO LA RELI, 1995–2025. Vijana wa kampeni walikuwa wamevaa suti nyeusi za kuazima na miwani ya jua.

Priska alimshika mkono. "Mzee wetu, ni programu fupi tu. Tunalizika jimbo la zamani, halafu Mheshimiwa analifufua liwe jipya. Na Jimbo ni nani? Si ni wewe? Utalala humo kidogo, wanakuzungusha uwanja, Mheshimiwa anafungua, unatoka unapunga mkono."

Matonya alilitazama jeneza. Babu zake walizikwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi hata kujaribu kiatu cha maiti. Mtu mzima wa Kigogo haingii kwenye jeneza akiwa anapumua. Alifungua mdomo aseme hivyo.

Mheshimiwa Jordan alikuwa amekwisha kufika, mkono wake mzito ukatua begani kwake. "Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, karibu kabisa na sikio, "nifanyie hili moja. Halafu tuongee habari ya kile kisima chako."

Matonya akavua viatu, sijui kwa nini, akaviweka pembeni vizuri kama mtu anayeingia nyumba ya ibada, akapanda. Wakamfunika.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya gundi. Wakamnyanyua mabegani, wakaanza kucheza naye, mara mbele hatua mbili, mara nyuma moja, kichwa chake kikigonga mbao huku na huku. Alisikia watu wakicheka kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia akiwa jukwaani. Alisikia mtu wa kipaza sauti akisoma wasifu wake: marehemu alipenda kujipiga kifuani, marehemu alipenda soda za bure, marehemu ameacha spika moja na baiskeli isiyo na breki. Kicheko kikawa kinapanda na kushuka. Alijikaza. Aliwaza maji yanavyotoka kwenye bomba, akaliwaza bomba lenyewe, mahali litakaposimama, na Paskazia akiweka ndoo chini yake.

Kisha kitu kizito kikaanguka juu ya jeneza na plaiwudi ikalia.

"Hazikwi huyu!" Ilikuwa sauti ya Abdulrazaki. Alikuwa amealikwa kama wafanyabiashara wengine wa zamani, akaja amechelewa, akauliza nani yuko ndani, akaambiwa. "Huyu ni Mgogo wangu. Mnazikaje mtu wangu bila kuniarifu? Mimi ndiye mtani. Sishuki hapa."

Umati ulilipuka kwa furaha. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Matonya peke yake, aliyekuwa ubao mmoja tu chini ya makalio ya rafiki yake, ndiye aliyesikia kwamba sauti ile inatetemeka kwa hasira.

"Taja unachotaka, mtani," alisema mtu wa kipaza sauti.

"Namtaka mfiwa mwenyewe ajibu. Mheshimiwa, wewe ndiye mfiwa? Basi mkomboe maiti wako. Nataka kisima Mgunga Mmoja. Sema mbele ya hawa watu wote, ndiyo au hapana, maana nikikaa hapa mpaka jioni pilau lenu litaliwa na kunguru."

Mheshimiwa alicheka kicheko chake kile. Akachukua kipaza sauti. "Kisima nimetoa," alisema. "Mtani, shuka. Nimetoa."

Vigelegele vikapigwa, muziki ukafunguliwa, na ndani ya jeneza Matonya akalia kwa furaha. Kitu kilichoahidiwa kwa mtani juu ya maiti. Hakuna dhamana kubwa kuliko hiyo katika nchi ya Wagogo.

Akangoja kufufuliwa. Alinyoosha koti lake vizuri, akajiandaa kupunga mkono. Waliweka jeneza chini, hao vijana, kisha akasikia miguu inaondoka kwa kasi, mingi, kuelekea upande mmoja. Akasikia sahani. Akasikia vijiko. Pilau lilikuwa tayari na hakuna aliyekumbuka kwamba maiti bado yumo. Alisukuma kifuniko, kikawa kizito, maana rangi ilikuwa imeshika pembeni. Akaita mara moja kwa sauti ya adabu. Ni Abdulrazaki aliyerudi na kukibandua kwa mikono yake, rangi ya zambarau ikimchafua kanzu mpaka kwenye viwiko.

"Toka, Mgogo," alisema. Hakuongeza tusi lolote. "Toka twende nyumbani."

"Umesikia lakini? Amesema ametoa."

"Nimesikia."

"Mbele ya watu."

"Twende nyumbani, Matonya."

Kabla hawajafika, video ilikuwa imekwisha kufika. Mgunga Mmoja walimwona mtu wao akizungushwa kwenye jeneza, wakamsikia akisomewa wasifu, wakacheka kidogo, wengine wakaona haya kwa niaba yake. Lakini walikuwa pia wamesikia ile ahadi, na ndiyo aliyowashika nayo. Jioni hiyo alisimama barazani kwake, rangi ya zambarau kwenye nywele, akasema wamcheke watakavyo, kisima kimetolewa kwa mtani, na kitu cha mtani hakirudi. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hata Paskazia hakuuliza kitu.

Mwezi haukupita, wakaja wafadhili wa kanisa moja. Walikuwa na mashine ya kuchimba visima na walikuwa wanatafuta mtaa wenye shida. Walimwendea Matonya kwa kuwa bado alikuwa mjumbe wa mtaa. Wazungumzaji wao walikuwa wapole, hawakutaka kura wala picha. Walitaka tu aseme ndiyo na aonyeshe mahali.

Matonya aliwaandalia karanga, akawashukuru, akawaambia waende Mtaa wa Mwembeni, ng'ambo ya korongo. Sisi hapa, alisema, kisima chetu tayari kimetoka, tunangoja mashine tu. Si vizuri mtaa mmoja kuwa na viwili na wenzetu hawana hata kimoja. Alilisema kwa moyo mweupe, na hilo ndilo linaloniuma.

Abdulrazaki alipata habari akafunga duka mchana. Alikuja mpaka barazani, akakataa kukaa.

"Mgogo we, una akili au ng'ombe wamezila? Kawafuate wale watu. Wakimbilie."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyedai kile kisima," alisema Matonya. "Leo unalikana dai lako?"

"Mtani hulipwa na mfiwa. Yule bwana hakufiwa. Nilimdai mtu asiyelia, ili wakutoe humo ndani haraka. Ndicho nilichokitaka mimi, wakutoe."

"Alisema ametoa."

"Alisema ili nishuke," alisema Abdulrazaki.

Hakusikilizwa. Mashine ilivuka korongo, ikanguruma siku kadhaa, na watoto wa Mgunga Mmoja walikwenda kuangalia maji yakiruka juu kule Mwembeni.

Uchaguzi ukaja ukapita. Mheshimiwa Jordan alishinda Jimbo la Kati. Jimbo la Mashariki alilichukua Mheshimiwa Bupe, mama wa Kinyakyusa aliyekuja Dodoma na wizara, asiyejua Matonya ni nani. Matonya alivaa koti lile lile, akavuka reli, akakaa kwenye benchi la ofisi ya Mheshimiwa Jordan pamoja na watu wengi wenye shida zao. Priska alipita mara kadhaa akitabasamu. Hatimaye alimwinamia, akamwambia taratibu kama mtu anayemwelekeza mtoto, "Mzee wetu, Mgunga Mmoja iko Mashariki siku hizi. Hapa ni Kati."

"Nitamngoja mwenyewe."

Mwenyewe alitoka akielekea kwenye gari. Matonya akasimama, akamshika mkono, akamkumbusha mbele ya watu: kisima, mtani, ulisema umetoa. Mheshimiwa alimpiga bega kwa upendo mwingi.

"Mzee wangu, nani anachimbia maji jimbo la mwenzake? Mama Bupe ataniambia namwibia wapiga kura." Kisha akawageukia waliokaa kwenye benchi, kicheko kikianza kumtoka. "Na huyu Jimbo si tulimzika wenyewe? Nani kamfukua?"

Benchi zima likacheka. Watu wenye shida hucheka sana mbele ya mtu wanayetaka awasaidie.

Alirudi kwa miguu. Paskazia alikuwa mbele ya nyumba yake na wanawake wengine, wametoka Mwembeni kuomba maji na wamerudishwa, kwa kuwa Mwembeni walisema wenyewe hayawatoshi. Paskazia hakuhitaji kumuuliza, alimsoma usoni.

"Wale wa kanisa, ulimuuliza nani kabla ya kuwafukuza?" alisema Paskazia. "Ulisema tukudai wewe. Tutakudai nini, na wewe umekwisha kufa?"

Tangu siku hiyo jina la Jimbo likafutwa hata kwake yeye. Akaitwa Marehemu. Watoto walimwamkia wakikimbia, "Shikamoo, marehemu." Alipokwenda kilabuni walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi, wakasema maiti hanyimwi nafasi. Mtaa ulichagua mjumbe mwingine bila kumwita kwenye kikao, na alipouliza akaambiwa wapiga kura ni walio hai.  Anna aliteremka korongoni alfajiri na dumu lake, akarudi nalo, akaliweka mlangoni kwa kishindo.

Siku moja alikwenda sokoni. Alikuwa anatafuta mahali ambapo bado yeye ni mtu. Kwenye genge la magunia palikuwa na wateja, na Abdulrazaki alipomwona alifurahi mpaka akainuka. Alikuwa amesikia jina jipya na akafanya kile ambacho mtani hufanya, alichukua kile kidonda na kukitia chumvi ya kicheko ili kipone.

"Karibu, marehemu," alisema. "Vipi huko kaburini, kisima wamechimba?"

Ilikuwa juu ya Matonya kujibu. Angesema chochote, habari ya babu na mzigo, habari ya kanzu ya zambarau. Magunia yalikuwa yanangoja, wateja walikuwa wameanza kutabasamu. Badala yake alinyanyua mkono akampiga Abdulrazaki kofi la uso, kofia ya kitambaa ikaanguka kwenye mtama.

"Ulinikalia juu," alisema. "Nilikuwa ndani na wewe ukanikalia juu, ukanifanya mtaji wa kuchekesha watu. Kuanzia leo usinitanie. Mimi si mtani wako."

Soko zima liligeuka. Wachuuzi wa mbali waliokuwa hawajui kitu nao wakageuka. Mgogo amempiga mtani wake kwa sababu ya neno la utani. Abdulrazaki aliinama, akaokota kofia, akaipangusa punje moja moja.  Alirudi kwenye mizani, akamuuliza mteja aliyefuata alitaka kilo ngapi.

Maji yalifika Mgunga Mmoja kabla ya kiangazi kilichofuata. Mheshimiwa Bupe aliyaleta bila hotuba ndefu, bomba likasimama pale pale alipopachagua Matonya kichwani mwake akiwa kwenye giza la plaiwudi. Hakuna aliyejua kwamba alipachagua. Siku ya kufungua Matonya alikuja na ndoo. Alikaa nyumbani asubuhi yote akijiambia hatakwenda, kisha akajiambia maji hayana jimbo, akaenda.

Foleni ilikuwa ndefu na yenye furaha. Anna alikuwa mbele, kitambaa kipya kichwani, akiongea na wenzake kama alivyokuwa hajaongea nyumbani kwa miezi. Matonya akasimama nyuma. Paskazia alimwona.

"Jamani," alisema, "tangu lini marehemu akanywa maji?"

Wakacheka. Matonya alimtazama Anna. Anna alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Labda alijaribu kujizuia. Lakini alicheka, na akageuza uso mbele.

Wakati huo wazee walioitwa kuomba dua, mchungaji na masheikh, walikuwa wanarudi kutoka bombani, na miongoni mwao alikuwemo Abdulrazaki, amevaa kanzu mpya. Njia ilipita kando ya foleni.  Hapo ndipo Matonya alipojua alichokuja kukitafuta, na hakikuwa maji. Alitaka atukanwe. Alitaka aambiwe Mgogo mwenye njaa, analala na ng'ombe, amekufa na bado anabeba ndoo, chochote, kwa kuwa tusi moja tu la mtani lingewanyamazisha hawa wote na kumrudisha kwenye watu. Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni, lile la babu na mzigo, na alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu.

Abdulrazaki alifika mbele yake. Alisimama. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayekutana na mzee wa mtaa mwingine ambaye hamjui.

"Shikamoo, mzee," alisema, na akangoja kwa adabu.

Foleni ilisikia. Matonya alitafuta maneno yake yote ya miaka arobaini na hakuna lililofaa, maana salamu hiyo ina jibu moja tu.

"Marahaba," alisema.